Barua ya wazi kwa mtoto wa kaka yangu anayeandika riwaya ya mauaji ya Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Muswada wako ulinifikia Alhamisi jioni kwa mkono wa kondakta wa basi, umefungwa kwa gazeti na kamba ya katani, na kufikia Jumamosi usiku nilikuwa nimeumaliza wote. Uliniambia nikijibu nijibu hadharani, kwa kuwa wenzako wawili nao wanaandika hadithi za upelelezi na wangependa kusikia mtu aliyekaa masjala ya mahakama miaka mingi anasemaje. Basi haya ndiyo ninayosema, na wao wasome.

Kuandika unajua. Ugomvi wa wale dada wawili juu ya shamba la michikichi ulinifanya niweke kikombe chini. Lakini Kigoma uliyoiandika umeibuni ukiwa Dar es Salaam, na hilo katika riwaya ya namna hii ni kosa zito kuliko unavyodhani. Hadithi ya mapenzi inaweza kukosea upande linakozama jua na wapenzi wakaoana vilevile. Wewe umemwalika msomaji atafute muuaji, na umemkabidhi mahali, saa, upepo na mwanga kama vielelezo vya kufanyia kazi. Ukimpa kielelezo cha uongo, umemwibia. Tena kila ulipokosea, Kigoma yenyewe ilikuwa na jambo bora zaidi la kukupa, nawe ukalipita.

Tuanze na sura ya kwanza, maana ndiyo inayobeba kesi nzima. Umeandika kwamba ilikuwa Julai 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua likichomoza ziwani, na muuza kahawa aliyesimama ufukweni Kibirizi akashindwa kuiona sura ya mtu aliyeshuka botini kwa sababu mwanga ulimpiga machoni. Mwanangu, ziwa liko magharibi yetu. Jua la Kigoma huchomoza nyuma ya vilima, huko inakotokea treni, na huzama upande wa ziwa, nyuma ya milima ya Kongo. Isitoshe, saa uliyoitaja ni ya kwenu. Sisi tuko magharibi yenu kwa karibu digrii kumi za longitudo, ila saa za ukutani ni zilezile. Kwa hiyo jua likishawatokea ninyi, sisi tunalisubiri dakika arobaini hivi. Mwezi wa Julai hapa hutoka baada ya saa moja, na saa kumi na mbili na robo bado ni giza la kutafuta kandambili kwa kupapasa.

Sasa angalia ulichopoteza. Anayelitazama ziwa asubuhi jua linakuwa mgongoni mwake, na mtu anayeshuka botini anamulikwa usoni kama aliye mbele ya taa. Muuza kahawa wako angemtambua vizuri kabisa. Anayelitazama ziwa jioni, kuanzia kama saa kumi na mbili na nusu, ndiye anayepigwa na jua machoni, na wanaoshuka botini anawaona kama vivuli vyeusi visivyo na nyuso. Hamishia tukio jioni, na shahidi wako atakuwa na sababu ya kweli ya kutoona. Au liache asubuhi, umfanye adai kwamba hakuona, kisha msomaji makini ajiulize mwenyewe kwa nini mtu aliyekuwa na mwanga mzuri namna ile anadanganya. Wakili yeyote wa utetezi angeanzia hapo. Mahakama ya Rufani ilikwisha kueleza katika uamuzi wa mwaka 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa: shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama kwa muda gani, mwanga ulikuwaje, alimfahamu kabla au la. Maswali hayo manne yangetosha kukujengea sura nzima.

Kosa la pili liko katika sura ya nne, ambamo upelelezi unafanyika usiku wa mwezi mpevu na ziwa zima limejaa taa za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa kuvutwa na mwanga. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na za sola, zinaning'inizwa juu ya maji, dagaa wanakusanyika chini yake, na wavu unainuliwa kati ya mitumbwi iliyofungwa sambamba. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga unatapakaa ziwani kote, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanabaki nchi kavu wakishona nyavu, wakilala na kudaiana. Mtoto wa darasa la tatu wa Katonga analijua hilo. Juu ya hayo, mwaka uliouchagua ulikuwa na jambo lake: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Usiku huo uliouandika ungekuwa mweusi kutoka Bangwe mpaka upeo wa macho.

Nilipofika hapo niliufunga muswada nikacheka, kwa kuwa ulikuwa na dhahabu mkononi hukuitambua. Ziwa limefungwa, hakuna anayeruhusiwa kuwasha taa, na mtu mmoja tu aliyeketi barazani kwake akisumbuliwa na jino anaona taa moja mbali, inawaka, inazimika, inawaka tena. Kesho yake akiulizwa hawezi kusema, kwa sababu taa ile huenda ilikuwa ya shemeji yake aliyekwenda kuvua kwa kujificha. Hapo unao ukimya wa mtaa mzima, na ukimya wenyewe una sababu isiyohusiana na mauaji. Wewe ukaweka taa mia mbili na shahidi asiye na la kuficha.

Kuhusu maiti iliyotupwa karibu na Gombe, kaskazini mwa mji, ikaokotwa Ujiji, kusini, baada ya siku tatu, nilimwuliza mzee mmoja aliyevua tangu ujana wake, naye hakuhitaji kufikiri. Alisema Julai upepo wa kusini ndio wenye nguvu, na maji ya juu yanasukumwa kuelekea kaskazini. Kitu kilichoachwa Gombe ungekitafuta upande wa Burundi. Geuza, atupwe Ujiji aokotwe kaskazini. Na kama muuaji wako ni mwenyeji, angejua pia kwamba ziwa hili linashuka ghafla, kwamba kina chake cha juu kabisa kinakaribia mita 1,470, na kwamba kuna sehemu ambapo ukitoka ufukweni kidogo tu kamba ya nanga haigusi chini. Kwa nini basi aliitupa mahali itakapoelea? Hilo swali mpelelezi wako hakujiuliza, na lilikuwa la kwanza la kujiuliza.

Mshukiwa kutorokea Kalemie, ng'ambo ya Kongo, kwa meli ya Liemba kuondoe kabisa. Meli ile iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927, safari zake tulizozizoea zilikuwa za kusini hadi Mpulungu, Zambia, na mwaka uliouandika ilikuwa haisafiri. Mtorokaji wa Kigoma hupanda boti ya mbao pale Kibirizi, miongoni mwa magunia na kuku, na anapigwa jua kama watu wengine.

Sasa nije kwenye yaliyoniuma zaidi, kwa sababu ndiko nilikokula mkate. Koplo wako anavunja mlango kwa teke, anaingia peke yake, anachukua panga lenye damu na kulitia kwenye mfuko wa rambo. Kesho yake asubuhi majibu ya vinasaba yako mezani. Mtuhumiwa wa mauaji anapata dhamana siku ileile, na mwishoni wazee kumi na wawili wanatoka chumbani na kutamka kuwa ana hatia. Hayo uliyaona kwenye filamu za Marekani. Kwetu hakuna baraza la raia kumi na wawili linaloamua. Tulikuwa na wazee wa baraza waliomshauri jaji wa Mahakama Kuu, na uamuzi ulibaki kuwa wa jaji. Kosa la mauaji halina dhamana. Shauri huanzia mahakama ya chini, ambako linatajwa na kuahirishwa, linatajwa na kuahirishwa, mwendesha mashtaka akisema upelelezi haujakamilika, na mama wa mshtakiwa akija kila tarehe na chupa ileile ya uji anayokatazwa kuingia nayo. Sampuli nazo zinafungwa kwa lakiri na kusafirishwa hadi kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na zinakaa huko. Usiukimbie muda huo. Katika miezi hiyo ndipo mashahidi wanahama, wanasahau, wanapatanishwa na wazee wa ukoo au wanatishwa.

Upekuzi nao una adabu yake. Askari huingia pamoja na shahidi huru, mara nyingi mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, kila kilichochukuliwa kinaandikwa katika hati, na waliokuwapo wanatia saini au dole gumba. Mwenyekiti huyo ni johari kwa mwandishi: anamjua mtuhumiwa tangu utoto, pengine anadaiwa naye, na sasa lazima asimame akishika tochi huku godoro la jirani yake likigeuzwa.

Nikusimulie la panga moja, na mahakama siitaji. Nilikuwa mgeni kazini. Panga lilifika masjala limefungwa kwa gazeti na lebo ya karatasi ngumu imening'inia kwenye mpini kwa uzi. Nililiandika kwenye daftari la vielelezo na kuliweka rafu ya chini, karibu na dirisha, na wiki hiyo mvua ilipenya. Lebo ililowa. Wino ukatawanyika, namba ya jalada ikawa wingu la buluu. Siku lilipotolewa mahakamani, wakili wa utetezi hakupaza sauti hata kidogo. Aliishika lebo kwa vidole viwili, akaiinua kuelekea dirishani, akamwuliza shahidi, "Afande, hapa pameandikwa nini?" Afande alitazama. Feni ilikuwa ikizunguka na kugonga mahali fulani, tik, tik, na kila aliyekuwamo akaisikia. "Siwezi kusoma, mheshimiwa." Wakili akairudisha lebo taratibu kama anayelaza mtoto. Mimi nilikuwa nimeketi hatua tano kutoka hapo na mikono yangu imekufa ganzi. Tangu siku hiyo sijaona teke la mlango katika hadithi yoyote likanitisha.

Hata kumhoji mtu kuna saa inayokimbia, nawe hukuitumia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi muda wa msingi wa saa 4 tangu mtu awe chini ya ulinzi kuchukua maelezo yake, nao unaweza kuongezwa kwa utaratibu uliowekwa. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi. Sasa mkamate mtu Kagunga, mpakani, ambako watu hufika kwa boti. Boti inaondoka saa ngapi? Ilisimama Mwamgongo kwa muda gani, na kwa nini? Je, walimhoji njiani? Maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa mtuhumiwa polisi baada ya kuonywa, yanaweza kutupwa nje kwa dakika hizo, na msomaji anaweza kuzihesabu pamoja na wakili.

Yamebaki mawili, na sitayarefusha. Nyumba ya wageni uliyomtia marehemu ipo kweli, na mwenyewe bado anauza chai hapo mbele. Acha Barabara ya Lumumba, stesheni ya Wajerumani na soko la Mwanga vibaki vilivyo, lakini nyumba ya damu ibuni, uipe rangi na mlango wako. Kamanda wa mkoa mpe cheo, usimpe sura ya mtu aliyekuwapo mwaka huo. La pili, muuaji wako ni mkimbizi wa Nyarugusu aliyepanga chumba Mwanga, na kinachomfichua ni mganga. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo chumba kile kinahitaji maelezo ambayo hukuyatoa. Nami nasema kama mkazi: watu wa mkoa huu wameulizwa uraia wao mara nyingi mno, na wametaniwa kwa uchawi mara nyingi mno, hivyo mwandishi mwenye damu ya hapa asipoona uvivu uliomo ndani ya jibu hilo mimi nitamwona yeye. Bibi yule wa Kiha naye hawezi kumpokea mgeni kwa "mambo vipi". Asubuhi atasema "mwakeye", na mpelelezi asiyejua kuitikia atakaa nje mpaka ajue.

Njoo. Usije kwa ndege ya siku moja. Panda treni ya zamani, maana ile ya umeme haijatufikia, upite Tabora, Kaliua na Uvinza, uone mtu anavyochoka kabla ya kuonana na ziwa. Chagua siku za giza la mwezi, uwe na daftari, na ukiwa Kibirizi usimwambie mtu kwamba unaandika kitabu mpaka umenunua dagaa.

Muswada nimeurudisha kwa kondakta yuleyule, masahihisho yameandikwa pembeni kwa penseli. Ukurasa wa 87 una doa la mawese. Nilikuwa napika nikashindwa kuuacha, ni pale dada mdogo anapoficha ufunguo.

Shangazi yako,
Kigoma