Mwanangu, kabla hujaishika hiyo filimbi

Mwanangu mpendwa,

Habari kwamba shule imekuomba ufundishe mpira wa kikapu, mpira wa pete na riadha kwa mpigo nimezipata. Mama yako anasema watakumaliza. Mimi nina neno jingine.

Yupo Mmarekani mmoja, Amos Alonzo Stagg. Alisoma Chuo Kikuu cha Yale akitaka uchungaji. Chuoni alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli, na mwaka 1889 akatajwa katika kikosi cha kwanza cha nyota wa nchi nzima wa mpira wa Kimarekani. Mimbari haikumkubali, akaenda mji wa Springfield kufundisha michezo. Machi 1892, kikapu kilipochezwa mbele ya hadhara kwa mara ya kwanza, wanafunzi waliwafunga walimu 5 kwa 1. Hilo moja la walimu alilitia yeye!

Mwaka huohuo akahamia Chuo Kikuu cha Chicago, akakaa miaka 40: mpira wa Kimarekani, besiboli, riadha, hata kikapu kwa muda. Watu husifu mechi zaidi ya 300 alizoshinda. Mimi natazama ajira yake. Mkuu wa chuo, William Rainey Harper, aliyewahi kumfundisha Yale, alimpa uprofesa mshiriki na idara nzima ya michezo. Timu ikifungwa Jumamosi, Jumatatu yeye bado ni mwalimu kama wenzake.

Kwa hiyo michezo mitatu isikutishe. Wasichana wa mpira wa pete wanajua kudaka na kutua bila kukanyaga ovyo. Ukiwaleta kwenye kikapu, kudunda mpira ndiko hawajakuzoea, anza hapo. Mazoezi ya wakimbiaji yatawasaidia wote pumzi. Cha kuogopa ni kuitwa UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ikikaribia na kusahauliwa ikiisha. Muulize mkuu wa shule: vipindi vyangu vya darasani vitapunguzwa? Mipira itanunuliwa kwa fungu gani? Mwanafunzi akivunjika mguu, nani anampeleka hospitali? Akisema "tutaona", mwambie kwa adabu kwamba ungependa yaandikwe.

Chicago walimstaafisha Stagg akiwa na miaka 70. Akaenda California, akafundisha misimu 14 mingine. Wewe sikuombei hayo, pumzika mapema.

Nijibu kabla hujatia sahihi. Na mama yako anauliza lile goti, bado linauma ukipanda ngazi?

Baba yako