Mapigo 41 kwa dakika

Imara Daima, Nairobi
Jumamosi jioni

Dada Mghoi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi tu wazima, hofu ni kwenu na hilo joto la Voi. Uliniuliza safari ya gredi ya sita kwenda makumbusho iliishaje. Nimechelewa kujibu kwa sababu hadi leo nasahihisha madaftari yao, na humo mna mambo.

Unanijua kwa mipango. Nilikuwa nimewaandalia karatasi za rangi: nyekundu ya Hisabati, kijani ya Sayansi, buluu ya Masomo ya Jamii, njano ya Insha. Basi tulipofika stesheni, treni ya asubuhi ilikuwa imeshonana. Watoto 38 wakabanwa katikati ya watu wanaokimbilia kazini, na hakuna aliyepata nafasi ya kukunjua kiwiko, sembuse karatasi ya kijani. Nikasalimu amri. Nikawaambia, haya, sikilizeni tu.

Ta-tak. Ta-tak. Kila mdundo ni magurudumu yakipita kwenye ungio la vyuma viwili vya reli. Tulipotoka Makadara nikashika saa, wakahesabu kimoyomoyo kwa dakika moja. Kuna waliopata 39, kuna waliopata 44, lakini wengi walipata 41. Mama mmoja mwenye kikapu alihesabu nao akapata 50, na hadi tunashuka alikuwa bado anashikilia 50 yake.

Makumbusho ya Reli yako hatua chache tu kutoka stesheni kuu, na pale nje zile injini za mvuke zimesimama juu ya reli zake. Tukatoa futikamba. Kutoka ungio moja la chuma hadi jingine tukapata mita 12 na sentimita chache. Mara 41, hiyo ni karibu mita 492 kwa dakika. Mara 60, si mbali na kilomita 30 kwa saa. Wakashangilia kama waliofunga bao. Mwendo wa treni, bila kumuuliza dereva!

Ndipo binti mmoja, yule ambaye husahau kalamu kila siku ya Mungu, akainua mkono. "Mwalimu, nani amesema chuma cha hapa kina urefu sawa na kile tulichopita juu yake?"

Nilinyamaza. Nikamwambia swali ni zuri, aliandike. Akaniuliza, "Kwenye karatasi ya rangi gani?"

Dada, nimefundisha miaka 14 na sijawahi kukosa jibu namna ile. Nilizikusanya zile karatasi nikazitia mkobani.

Baada ya hapo siku ilijiendesha yenyewe. Kijana mmoja alichomeka ncha ya kidole kwenye mwanya wa ungio akataka kujua kwa nini fundi aliacha kazi nusu. Tukapiga hesabu palepale chini: chuma cha mita 12, joto likipanda nyuzi 20, hurefuka kama milimita 3. Ukikibana kisiwe na pa kwenda, kitajipinda. Kwa hiyo ule mdundo wote wa asubuhi ulitokana na jua.

Waliizunguka injini nambari 5918, iliyopewa jina la Mlima Gelai ulioko Tanzania. Iliundwa Manchester, inapita tani 250, na magurudumu yake yamegawanywa makundi mawili, moja mbele na moja nyuma, tangi la mvuke likining'inia katikati ili dude lote liweze kukata kona. Wavulana hawakutaka kuondoka pale. Mimi nilitaka kufika kwenye behewa la Ryall.

Hadithi unaijua. Juni 1900, afisa wa polisi Charles Ryall alilala ndani ya behewa lile stesheni ya Kima akimvizia simba aliyekuwa akiwasumbua watu. Simba akamvizia yeye. Niliposema "Kima" walicheka, maana kwao kima ni ile ya kutia kwenye sambusa; walipolikaribia behewa lenyewe kicheko kikakatika. Mmoja ameandika insha kwa sauti ya simba: "Alikuwa akiningoja nije, nami nilikuwa nikimngoja alale." Nimempa alama zote. Makosa ya herufi nimeyafumbia macho, usimwambie mwalimu mkuu.

Kisha wakauliza kuhusu simba wa kwenu, wale wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka 1898. Nikawaambia mhandisi Patterson aliwapiga risasi, ngozi akaziuza kwa jumba la makumbusho kule Chicago kwa dola 5,000, na hadi leo wako huko. Walikasirika kweli. Wakataka kuandika barua ya kuwadai. Nimewaruhusu, na kama itakamilika nitakutumia nakala, maana ni mali yenu kwanza.

Mchana tulikodisha matatu hadi Makumbusho ya Taifa. Sitakuchosha na kila chumba. Ndovu Ahmed wa Marsabit walimpigia picha, ndege walipita mbio, nyoka wakapendwa kupita kiasi. Lakini mbele ya yule Kijana wa Turkana, mifupa ya binadamu wa kale iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, walitulia. Alikufa akiwa mtoto kama wao, na tayari alikuwa na kimo cha kama mita 1.6, kuwapita karibu wote. Nikawauliza: kila mwaka tukiupa milimita moja, umri wa reli iliyoanza kujengwa Mombasa 1896 una urefu gani? Kama sentimita 13, shubiri ndogo ya mtoto. Na huyu wa miaka milioni moja na nusu? Wakapiga hesabu, wakapata kilomita moja na nusu, karibu nusu ya njia tuliyotoka stesheni. Kuna aliyetazama mlangoni, kama anayetaka kuhakikisha.

Sasa nina ombi, na ndiyo sababu kubwa ya barua hii. Reli ya zamani inapita hapo Voi. Mwombe mkuu wa stesheni ruhusa, usiwapeleke watoto relini kienyeji, kisha mtupimie vyuma vitatu vinne kutoka ungio hadi ungio. Pimeni pia ule mwanya, mara moja alfajiri na mara moja saa nane mchana jua linapochoma. Binti yangu wa kalamu ananiuliza kila asubuhi kama umejibu.

Wasalimie nyumbani, na Mama umwambie yale maembe yalifika salama.

Ni mimi nduguyo,
Mutua

Nyongeza: Tumieni futikamba ya chuma. Ile ya kitambaa hulegea, tuliligundua hilo tukiwa tumeshapima mara mbili.