Pango la barafu ya bluu? Soma hii kabla hujalipa avansi

Asubuhi ya baada ya mvua kubwa, Goma ikiamka bila mawingu, mlima Karisimbi huonekana na kichwa cheupe. Siku hiyo simu ya duka letu la safari za milimani haipumziki. "Yaya, ile barafu inakaa mpaka saa ngapi? Leo tunaweza kuifikia?" Mara nyingi hata saa sita mchana haifiki. Ni theluji changa, au mvua ya mawe iliyoganda usiku kule juu kwenye mita 4,507, na jua likipanda inayeyuka. Wanaosema Kinyarwanda hulihusisha hata jina la mlima na isimbi, yaani simbi jeupe.

Siku hizi swali limebadilika. Vijana wanaingia dukani na picha kwenye simu: pango la bluu, mtu amesimama katikati na taa ya kichwani, kuta zinang'aa kama chupa iliyooshwa. "Hii iko Rwenzori, si ndiyo? Mutatupeleka siku gani?" Kijana mmoja alikuja na mchumba wake, wanataka picha za harusi humo ndani. Alikuwa ameshamlipa mtu avansi, na huyo mtu alimtumia picha hiyohiyo. Tulimwonyesha ilikotoka, akanyamaza. Mchumba ndiye aliyeanza kucheka.

Picha za namna ile nyingi hutoka Iceland, kisiwa kilicho mbali kaskazini, hasa kwenye hifadhi ya taifa ya Vatnajökull iliyoanzishwa mwaka 2008. Barafu ya huko ina zaidi ya kilomita za mraba 7,000. Ziwa Kivu lote lina takriban 2,700, kwa hiyo lingetandazwa juu yake mara mbili na nafasi ibaki. Na mtu wa Goma angejisikia nyumbani kidogo, kwa sababu chini ya barafu ile kuna volkano hai. Moja inaitwa Grímsvötn, ililipuka mwaka 2011. Sisi moto wetu tunauona juu ya mlima usiku. Wa kwao umefunikwa na barafu, ukiamka unaiyeyusha na maji yanashuka kwa mafuriko.

Pango lenyewe huchimbwa na maji. Wakati wa joto barafu inayeyuka, maji yanatafuta ufa, yanapita chini kama mto na kuacha njia. Baridi ikirudi maji yanapungua, njia inabaki tupu na kuta zinakaza. Ndiyo maana wenyeji huingiza wageni kuanzia Novemba hivi mpaka Machi. Bluu ile haina rangi iliyotiwa wala taa. Barafu iliyobanwa miaka mingi imepoteza mapovu ya hewa. Mwanga ukipenya humo, wekundu unamezwa njiani na bluu ndiyo inayotoka. Pango la mwaka huu mwakani laweza lisiwepo, au liwe mahali pengine. Na linaweza kuanguka. Tarehe 25 Agosti 2024, katikati ya majira ya joto, barafu ilibomoka kwenye Breiðamerkurjökull, ulimi mmoja wa Vatnajökull, ikaua mtalii Mmarekani. Walikuwa na viongozi.

Sisi watu wa hapa tusingehitaji kuambiwa mara mbili habari ya mashimo. Nani hajui mazuku? Ile hewa mbaya inayotulia kwenye mabonde ya mawe meusi, kuelekea Sake na hata katikati ya mitaa, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na mbuzi akiinamisha kichwa kula majani hainuki tena. Mtoto wa Goma amefundishwa asiingie kila tundu analoliona. Lakini tundu likiwa la bluu tunasahau mafundisho.

Basi barafu ya kwetu iko wapi? Afrika nzima barafu ya kudumu imebaki kwenye milima mitatu: Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori. Rwenzori tunaigawana na Uganda. Upande wetu wa Kongo imo ndani ya Virunga, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925. Upande wa pili ni hifadhi yao ya Rwenzori, ya mwaka 1991. Kilele cha Margherita, mita 5,109, kiko mpakani penyewe. Wateja wengi hudhani ni volkano kama Nyiragongo, maana kwetu mlima na moto ni kitu kimoja. Sivyo. Rwenzori ni pande la mwamba lililosukumwa juu wakati ardhi ilipopasuka kufanya bonde hili la maziwa.

"Barafu kwenye ikweta, inawezekanaje?" Piga hesabu mwenyewe. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi, na siku ya kawaida ni nyuzi 20. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6. Mpaka Margherita umepanda zaidi ya mita 3,600, umepoteza nyuzi 22 hivi. Umeingia chini ya sifuri, na ikweta iko pale pale. Wakonzo na ndugu zao Wanande theluji ile wanaiita nzururu, na wazee husimulia kwamba Kitasamba, mungu wa mlima, anakaa humo. Hatuchezi na habari hizo; viongozi wengi tunaofanya nao kazi ni watoto wa mlima ule.

Ila barafu hiyo inaisha. Mwaka 1906, mwanamfalme wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi alipopanda, milima sita ya Rwenzori ilikuwa na barafu. Emin, Gessi na Luigi di Savoia hazina tena. Kubwa iliyobaki iko juu ya mlima Stanley, nayo inazidi kurudi nyuma. Kingoni mwake maji yanayoyeyuka huchimba vishimo, na mtu akipiga picha kwa karibu vinaonekana kama pango. Humo hatuingizi mtu, hata kwa dakika mbili, hata ukiongeza pesa. Barafu nyembamba ya nchi ya joto, inayodondosha maji mchana kutwa, si mahali pa kusimamia chini yake.

Tunachofanya ni safari ya kupanda, na tunakodisha vifaa. Njia ya upande wetu, ile ya Mutsora inayopitia vibanda vya Kalonge na Mahangu, hatuiuzi kwa sasa kwa sababu ya usalama. Inatuuma, maana ni nzuri sana. Tunapitia Uganda mpaka Kasese, kwa hiyo uwe na karatasi za kuvukia mpaka na kadi ya homa ya manjano. Hesabu siku saba au nane mlimani. Barafu yenyewe utaikanyaga saa chache tu. Siku zilizobaki ni msitu, miti yenye ndevu za ukungu, mimea ya lobelia inayokuzidi urefu, na matope. Matope, jamani! Watu wanakuja na viatu vya bei kubwa vya kupandia, halafu siku ya pili wanaomba bote za mpira kama za mama wa shambani. Bote tunazo. Kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu), kamba, kofia ngumu na mifuko ya kulalia pia tunazo, na unazijaribu hapa dukani kabla ya kuondoka.

Kichwa kikiuma na kutapika ukaanza juu kule, unashuka. Hakuna mjadala, na kuzaliwa Goma hakukukingi.

Kwa asiye na siku nane, Nyiragongo inatosha kumwonyesha baridi. Kutoka Kibati ni mwendo wa saa tano au sita mpaka ukingoni, mita 3,470, na usiku upepo wa huko unaingia mpaka kwenye mifupa. Lakini tunapanda tu hifadhi ikiwa imefungua njia. Ikifunga, avansi yako inarudi yote, wala hatukuambii usubiri "kidogo".

Yule kijana wa harusi? Tulimpeleka na mchumba wake ziwani asubuhi, siku ambayo Karisimbi imevaa nyeupe. Mpiga picha alitakiwa awe tayari saa kumi na mbili kamili. Alichelewa, akakuta nusu ya ule weupe imeshakwenda.