Mhariri, vidonge vya kolestro havibadilishwi na maji ya limao

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye safu yenu ya barua.

Ile makala yenu ya afya iliyosema kolestro inatoka kwenye chipsi na nyama choma tu, kwa hiyo mtu akiviacha hivyo na akanywa maji ya limao na kitunguu saumu anaweza kutupa vidonge vyake, imeniletea kazi. Mimi ni mfamasia, nipo kaunta kila siku, na tangu itoke watu wanakuja nayo kwenye simu wananiuliza "sasa hizi atova (vidonge vya kushusha kolestro) si niache?" na wengine wameshaacha kabla hata ya kuuliza, kuna mama mmoja aliyewahi kupata kiharusi naye kaacha.

Kwenye chakula sina ugomvi na mwandishi, chipsi zipunguzwe tena sana. Lakini kolestro nyingi iliyomo mwilini hukuila, mwili umeitengeneza wenyewe na ini ndo fundi mkuu. Malighafi yake inaitwa asetili-koA, na hiyo inatoka kwenye mafuta, inatoka kwenye wanga, yaani hata ugali wako na soda vinaichangia. Molekuli tatu za hiyo kitu zinaungwa, inapatikana asidi ya mevaloniki, au mevaloneti, halafu inaendelea kubadilishwa hatua kwa hatua, kama hatua 30 hivi kwa jumla, mpaka itoke kolestro. Konrad Bloch na Feodor Lynen walipewa Nobel mwaka 1964 kwa kuichambua kazi hiyo. Sasa kuna kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za mwili) kimoja mwanzoni mwanzoni kinaitwa HMG-CoA ridaktesi, hicho ndo kinaamua kasi ya safari nzima, na dawa zote za jamii ya statini, simva, atova, rosuva, zinakaa hapo hapo kukizuia.

Kwa hiyo statini haisafishi mishipa kama sabuni, hapana. Inachofanya ni kulifanya ini likose kolestro ndani yake, na ini likishakosa linaongeza vipokezi vya LDL, yaani milango ya kunasa chembe zinazobeba kolestro kwenye damu, juu ya seli zake ili livute kolestro iliyopo kwenye damu, ndo maana kipimo kinashuka. Hiyo habari ya vipokezi waliigundua Brown na Goldstein kule Dallas, Nobel ya 1985. Na kuna familia zimezaliwa na vipokezi vibovu, mtu mwembamba, hali nyama, na kolestro iko juu na moyo unasumbua angali kijana, huyo limao litamsaidia nini jamani?

Eti pia mwandishi anasema hizi ni kemikali za viwandani tu. Statini ya kwanza ilitoka kwenye ukungu! Mjapani Akira Endo alipima fangasi zaidi ya 6,000, na mwaka 1973 akaipata kwenye ukungu wa jamii ya Penicillium ulioota kwenye mchele. Baadaye, 1994, yakaja majibu ya utafiti wa nchi za Skandinavia, wagonjwa wa moyo 4,444, nusu simva nusu vidonge tupu visivyo na dawa, na baada ya miaka mitano na ushee vifo kwa ujumla vikawa vimepungua kwa asilimia 30 upande wa simva. Vifo, siyo namba za maabara.

Ila na mimi siwezi kuzitetea mpaka nifiche upande wa pili. Hiyo njia ya mevaloneti haitoi kolestro peke yake. Ni kama unga wa ngano, unga huo huo mmoja unatoa chapati, maandazi na sambusa. Humo humo inatoka ubikwinoni ambayo seli zinaitumia kutengeneza nguvu, inatoka mikia ya mafuta inayobandikwa kwenye protini fulani ili zikae mahali pake kwenye seli. Kuna watoto wachache sana duniani wanaozaliwa na hitilafu kwenye kimeng'enya kinachofuata, mevaloneti kinesi, wanapata homa zinazorudi kila baada ya wiki kadhaa bila malaria wala mdudu yeyote. Hata dawa za mifupa kama zoledroneti zinafanya kazi kwa kuiziba hii njia, chini kidogo.

Kwa hiyo malalamiko ya maumivu ya misuli kwa wanaomeza statini yapo na tuyasikilize. Japo Uingereza waliwachukua watu 60 walioacha statini kwa maudhi, wakawapa statini miezi mingine na vidonge tupu miezi mingine bila kuwaambia, na asilimia 90 ya maudhi ilijitokeza hata kwenye vidonge tupu. Maumivu ni ya kweli, chanzo ndo si mara zote dawa.

Hatari yenyewe ambayo makala haikuigusa kabisa ni kuchanganya dawa. Mtu yuko kwenye simva, akaandikiwa dozi ya vidonda vya tumbo yenye klarithromaisini, simva inapanda kwenye damu mara nyingi na misuli inaweza kuanza kuyeyuka. Ukiona mwili unauma sana na mkojo umekuwa kama chai ya rangi, hospitali siku hiyo hiyo. Walio kwenye ARV zenye ritonavir nao simva ni marufuku, waseme wazi kaunta wapewe nyingine, maana statini inawafaa: utafiti wa REPRIEVE wa 2023, watu 7,769 wanaoishi na VVU, Uganda ikiwemo, ulionesha pitavastatini inapunguza matatizo makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Na mjamzito, au anayetafuta mimba, amuone daktari kwanza.

Nawaomba mtoe sahihisho ukurasa ule ule. Na kwa wanaoniuliza saa ya kumeza: simva usiku, kwa sababu ini linatengeneza kolestro zaidi usiku na simva haikai sana mwilini, atova na rosuva saa yoyote ilimradi usiruke siku.

Msomaji wenu,
Mfamasia, Tanga