Kwa sahibu yangu wa Lamu: kabla hujaing'oa aisi ya chaji

Makadara, Mombasa
Jumapili, baada ya alasiri

Sahibu yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Ama baada ya salamu, barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, kwa kuwa ugonjwa unaoueleza ndio ule ule ulionikesha juma lililopita: kipakatalishi hakiingizi chaji, hakiwaki hata kwa betri, na taa ya adapta imetulia kana kwamba hakuna lililoharibika.

Taa hiyo usiipuuze. Shoti ingekuwa mlangoni, kati ya tundu la chaji na mosfeti ya kwanza (ile swichi ndogo ya kielektroniki), adapta ingejikinga na taa yake ingezimika au kupepesa mara tu unapochomeka. Maadamu inaendelea kuwaka, inaelekea volti 19 zinafika mlangoni na kuzuiwa hapo. Kutowaka kwa betri nako kunasema jambo, maana betri na adapta hukutana kwenye njia kuu moja inayolisha bodi nzima, na njia hiyo ikishagusana na ardhi ya bodi, yaani upande hasi wa umeme, hakuna kati ya hizo mbili itakayokufaa. Kwa sababu hiyo sikuafiki uliposema utaanza kwa kubadilisha aisi ya chaji, ile chipu inayoongoza uchaji.

Nasema hivi kwa aibu yangu mwenyewe. Mashine niliyoletewa na mwalimu mmoja wa Likoni niliifungua, nikaona aisi hiyo imeota kutu ya kijani pembeni (hewa yetu ya chumvi unaijua), nikaing'oa kwa hewa moto kabla ya kupima chochote. Shoti ikabaki pale pale, nami nikawa na kazi mbili badala ya moja.

Basi anza na mita. Chomoa adapta na betri, gusanisha ncha mbili za mita uone zenyewe zinasoma ngapi. Zangu husoma omu 0.2, na hizo huzitoa katika kila kipimo. Kisha weka ncha moja kwenye tundu la skrubu, ambalo ndilo ardhi ya bodi, nyingine kwenye njia kuu, pale resista kubwa ya kupimia mkondo inapotokea baada ya mosfeti za mlangoni. Bodi isiyo na kasoro ingekupa kilo-omu kadhaa au zaidi, tena namba ingepanda taratibu kapasita, vile vihifadhi vidogo vya umeme, zinapojaa. Mimi nilipata 0.6, na haikutikisika. Ukipima koili zinazolisha prosesa, ubongo wa mashine, utakuta omu chache tu, pengine hata chini ya moja; usishtuke, ndivyo zilivyo, na wanafunzi wengi wamepoteza siku nzima wakiifukuza shoti isiyokuwepo.

Sasa sikiliza hili vizuri. Kabla hujaingiza umeme, pima kati ya njia kuu na koili ya prosesa. Ikisoma karibu na sifuri, basi mosfeti ya juu, iliyo kati ya njia kuu na koili hiyo, imetoboka na haizuii tena umeme, na volti 19 huenda zilikwisha kufika kwenye prosesa. Hapo mweleze mwenye mashine ukweli kabla hujamtajia bei. Ikisoma zaidi, chukua pawasaplai ya mezani, iweke volti 1, iunge kwenye njia kuu na ardhi ya bodi, uanze na kikomo kidogo cha ampia kisha upandishe polepole. Usizidishe hiyo volti 1 hata ukikosa subira, kwa sababu ni volti ambayo hata ikipenya mahali isipotakiwa haitaua prosesa.

Kapasita za njia kuu zimeungana zote sambamba, kwa hivyo mita hulia kwenye kila moja na haikuambii mkosaji ni nani. Joto ndilo linalomtaja. Kamera ya joto sina, kwa hiyo nilipaka alkoholi ya kusafishia kwa brashi, bodi yote ikang'aa kama sakafu iliyotoka kudekiwa, nikapandisha hadi ampia 2 hivi na kuinamia kwa kioo cha kukuzia. Kwa sekunde chache hakikutokea kitu. Halafu, kando ya koili ya pili, alkoholi ikaanza kukauka kwa duara, na katikati ya duara kapasita moja, ndogo kama punje ya ufuta, ikabaki kavu huku majirani zake wote wameloa. Nikaipaka tena, ikakauka tena. Kwa macho ilikuwa nzima kabisa, haina ufa wala alama ya kuungua.

Nilipoitoa kapasita hiyo, mita ilipanda hadi kilo-omu. Mashine ingeweza kuwaka bila hiyo, kwa kuwa ilikuwa moja kati ya nyingi, lakini nimeweka nyingine ya mikrofaradi 10 na volti 25, maana ya volti 16 haifai kwenye njia ya volti 19. Kisha nikatumia saa nzima kuirudisha ile aisi niliyoing'oa bure, na chaji ikaingia.

Hewa moto iache kabatini kwanza. Niandikie namba mbili tu, ya njia kuu hadi ardhi na ya njia kuu hadi koili ya prosesa. Kapasita sita nimezifunga kwenye karatasi ndani ya kibiriti, na nitampa utingo wa basi la Mokowe kesho alfajiri. Mwambie kijana wako avuke na mashua akazipokee.

Wasalamu,
Sahibu yako