Ndugu zangu wataka kuuza nyumba ya mama kule Siyu. Nifanye nini?

Mhariri, assalaam aleikum. Nakuomba uifikishe barua hii kwa wasomaji, hasa watu wa Amu (Lamu), Pate na Faza tunaoishi hapa Mombasa, na yeyote mwenye kujua mambo ya mirathi na ardhi. Jina langu lisitajwe tafadhali. Ninaowazungumzia ni ndugu zangu wa tumbo moja na nawapenda.

Marehemu mama ametuachia nyumba ya mawe Siyu, kisiwani Pate. Alipewa na babake siku alipoolewa, kama ilivyokuwa ada ya kule: binti hupewa nyumba, mume ndiye anayehamia. Baadaye wazee walishuka Mombasa kutafuta riziki, na wote wawili wamefia hapa Kibokoni, baba akitangulia. Tumebaki watoto wanne, wanaume wawili na wanawake wawili. Kwa hesabu ya sheria yetu kila kaka ana thuluthi ya nyumba, na mimi na dada yangu kila mmoja sudusi, yaani moja ya sita. Lakini hesabu hiyo iko midomoni tu. Hatujaenda kwa kadhi, wala hatuna hatimiliki. Tulicho nacho ni karatasi ya zamani iliyoandikwa kwa Kiarabu, ambayo mama aliihifadhi ndani ya mkebe wa biskuti.

Sasa amekuja dalali kutoka Amu na mteja wake, Mzungu anayetaka nyumba ya zamani kisiwani aifanye nyumba ya wageni. Anatoa shilingi milioni 3. Kwa nyumba ambayo paa lake limeanza kuingia ndani, pesa hizo si haba, na kaka zangu wanasema hatutapata tena bahati kama hii. Tangu gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ifunguliwe mwaka 2021, madalali hawatulii. Hata viwanja vilivyoota magugu Siyu vinaulizwa bei.

Nataka niwe mkweli kuhusu kakangu mkubwa, maana msomaji anaweza kumdhania mroho naye si hivyo. Alikuwa karani wa kampuni ya malori Changamwe. Mizigo ya bandarini ilipohamia reli mpya kuanzia mwaka 2018, kampuni ilipunguza watu, naye akawa mmoja wao. Ana mtoto chuo kikuu na deni la tuktuk ambalo halijesha. Milioni moja, ndilo fungu lake, ingemfuta machozi. Kakangu mdogo yuko Jidda na anamfuata mkubwa wake. Dada yangu ananiambia kwa simu kwamba yuko nami, tukikaa kikao anasema yuko na wote.

Nami sina mali ya kuwanunua. Kama ningekuwa nayo, barua hii nisingeiandika.

Niieleze nyumba yenyewe, kwa sababu dalali kwenye picha zake ameonyesha nyufa na popo tu. Unaingia kwa daka, yaani ukumbi wa mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili, ambapo babu alikuwa akipokea wageni wa kiume bila mtu kuona ndani. Kisha kuna kiwanda, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu, halafu misana miwili, yaani kumbi ndefu, mmoja nyuma ya mwingine, na mwisho ndani kabisa, chumba cha wanawake, chenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima. Vyumba ni virefu na vyembamba, chini ya mita 3 kwa upana, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyobeba sakafu ya juu na urefu wake una mwisho. Chooni kuna birika la maji ambalo bibi alikuwa akifugia vijisamaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi kwamba adhuhuri ya mwezi wa Machi unaingia na kuvua mtandio. Mlango ni wa kazi ya Siyu, ile nakshi ya kuchorwa na kutiwa rangi, ambayo mafundi wake walisifika pwani nzima pamoja na washonaji wa viatu na wachonga viti. Ngome ile inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ni mwendo mfupi kutoka mlangoni.

Nyumba kama hii huuawa na maji. Paa la sakafu likipasuka, mvua ya masika hupenya, ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza, kisha udongo na chokaa baina ya mawe huanza kutiririka. Fundi wa chokaa niliyempeleka mwaka jana alisema msingi ni mzima na kuta tatu ni imara. Kazi iko kwenye dari ya ndani na msana mmoja: kubadilisha boriti, kutia sakafu upya, kupiga lipu kwa chokaa, kisha kuezeka makuti juu yake ili mvua isifike kabisa. Alinionya nisiruhusu mtu kupaka saruji. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na saruji huufungia humo humo mpaka lipu ipasuke ivimbe. Makadirio yake ni kama laki 7, pamoja na usafiri. Mawe na chokaa vitabebwa na punda, na boriti zitoke kwa mkataji mwenye leseni ya Huduma ya Misitu. Kwenda tu kuangalia kazi ni safari: basi mpaka Mokowe, mashua mpaka Amu, kisha boti inayopita mlango wa bahari wa Mkanda mpaka gati ya Mtangawanda kisiwani Pate, halafu bodaboda mpaka Siyu. Kakangu ananiuliza, ni nani kati yetu atakayeisimamia? Swali lake ni la haki.

Ninachokiogopa nimekiona Shela, kijiji kilicho kisiwa kimoja na mji wa Amu. Nyumba nyingi za pale zimenunuliwa na wageni, na sikatai kwamba zingine zimetengenezwa vizuri kuliko ambavyo wenyewe wangeweza. Mafundi wamepata kazi. Lakini wajukuu wa waliozijenga sasa huingia humo kufua mashuka. Na mteja wetu ameshauliza, kupitia dalali, kama mlango unaweza kung'olewa ukasafirishwa. Nijuavyo, sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kutoa kitu cha kale nje ya nchi bila kibali. Dalali alicheka akasema hayo yatapangwa.

Aliposema hivyo nikaanza kumsikiliza kwa makini zaidi. Katiba yetu, kifungu cha 65, haimpi mtu asiye raia umiliki wa ardhi kuzidi ukodishaji wa miaka 99. Dalali anasema si shida, nyumba itaandikwa jina la Mkenya, rafiki wa mteja. Nimekisoma kifungu hicho. Kinasema mali iliyowekwa amana kwa jina la raia huhesabiwa ya raia pale tu ambapo wote wanaofaidika nayo ni raia. Kwa hiyo tutatia saini kitu ambacho tangu mwanzo tunajua kimefichwa, na kesi ikitokea itatufuata sisi wenye majina. Hata kwa kadhi hatutaweza kukimbilia, kwani mahakama yake husikiliza mirathi na ndoa baina ya Waislamu. Ugomvi wa mauzo ya ardhi na mteja kama huyu utaenda kwenye mahakama nyingine zinazosikiliza kesi za ardhi, nasi hatuna pesa za wakili.

Limezuka na la pili, zito zaidi. Mama mdogo, aliyebaki Siyu na anayetufungulia madirisha nyumba ipigwe upepo, aliposikia habari za kuuza alisema nyumba ile ni wakf. Kwamba babu alitamka mbele ya watu kuwa haiuzwi, haitolewi hiba, hairithiwi, ni makazi ya binti zake na kizazi chao. Ikiwa ni kweli, basi mafungu ninayoyapigia hesabu hayapo kabisa, na shilingi itakayoingia mfukoni mwangu itakuwa ya haramu. Mjomba anakanusha. Anasema babu alikuwa akiusia tu, kama mzee yeyote anavyosema msiuze. Mashahidi waliokuwapo wengi wametangulia mbele ya haki, isipokuwa mzee mmoja aliye Faza, na afya yake si nzuri. Karatasi ya mkebeni sijaipeleka kwa msomaji wa Kiarabu anayejua maandishi ya makadhi wa zamani. Kaka zangu wanasema nikiipeleka nitakuwa nimetangaza vita.

Mimi nimewapendekezea njia ya kati: tumkodishe huyu huyu mteja kwa miaka 20 kwa mkataba wa wakili, masharti yakiwa atengeneze kwa chokaa na boriti, asing'oe mlango wala zidaka, na kodi ya miaka ya mwanzo ailipe mara moja, iende yote kwa kakangu mkubwa. Mimi na dada tutasubiri. Kakangu amesema mawazo ni mazuri lakini dalali hataki kukodi, na anataka jibu kabla ya Ramadhani. Kakangu ameniambia pia, kwa sauti ya chini iliyoniumiza kuliko angepiga kelele, kwamba mimi nina mume mwenye kazi na ndiyo maana naweza kupenda mawe.

Basi wasomaji, nisaidieni. Anayejua fikihi aniambie: wakf ya kutamkwa, bila hati, huthibitishwa vipi leo, na je, shahidi mmoja aliye hai na kauli ya mama mdogo vinatosha kumfikia kadhi au Tume ya Wakf? Nikienda kuuliza peke yangu kabla ya ndugu zangu kukubali, nitakuwa nimewavunjia heshima au nimewaokoa na dhambi? Kama si wakf, je, nikiwa mshirika nina haki ya shufaa, yaani kupewa nafasi ya kwanza ya kununua mafungu yao kwa awamu, hata kama bei nitaimaliza baada ya miaka? Na kama kuna familia ya Pate, Siyu au Amu iliyokodisha nyumba yake kwa masharti ya kuitengeneza, naomba mno mniambie mkataba mliuandikaje, na mgeni akikiuka mlifanya nini.

Zaidi ya yote nataka kujua kutoka kwa aliyepitia haya: nimwambie nini kakangu, leo, kabla hajatia saini?

Wenu,
Binti wa Siyu,
Kibokoni, Mombasa