Kaka, hiyo sintesaiza anza na gitaa lenyewe

Isevya, Tabora

Kaka mambo vipi, za Mwanga? Mama na watoto wote wazima? Huku tupo, jua kali na vumbi tu, embe ndo zimeanza kuingia sokoni.

Voisi noti yako nimeisikia. Unasema tarumbeta inakwamakwama, violini inakuja nyuma ya kwaya, na umeshazungusha karibu kila sauti iliyomo kwenye hiyo GR-55, sintesaiza inayolifanya gitaa litoe sauti za vyombo vingine, na bado. Sasa kaka hebu achana na sauti kwanza, mi nahisi mchawi yuko kwenye gitaa lenyewe.

Ile GK-3, pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) uliyobandika karibu na briji, inasikiliza kila uzi kivyake, ndo maana waya wake una pini 13 sio jeki ya kawaida. Ikikaa mbali mashine inabahatisha noti, ikikaa karibu sana uzi unaigonga. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho kabisa afu uchungulie nafasi iliyobaki kati ya uzi na pikapu, inatakiwa iwe kama milimita 1. Ukishamaliza hapo ingia kwenye sensitiviti, yaani mashine inausikia kila uzi kwa ukali gani, piga uzi mmoja mmoja kwa nguvu ileile unayopigia sebene, sio ile ya kubembeleza ukiwa chumbani, meta ipande ikaribie mwisho ila isipitilize. Usizipe nyuzi zote namba ileile! Uzi wa tatu mara nyingi unajifanya mkubwa kuliko wenzake.

Kuhusu kuchelewa, hiyo huwezi kuiondoa yote. Mashine lazima isikie uzi unavyotikisika ndo ijue umepiga noti gani, na uzi mnene wa E unatikisika kama mara 82 kwa sekunde, yaani mtikisiko mmoja tu umeshakula milisekunde 12, wakati ule mwembamba ni mara 330, milisekunde 3 umemaliza. Kwahiyo ukitaka sauti nzito usikimbilie nyuzi za juu zile nene, baki kwenye nyembamba afu shusha oktavu moja ndani ya mashine, utaona inavyoitika. Na mkono uwe msafi, uzi usiopigwa uuzime na kiganja, maana mashine ikisikia hata mkwaruzo inaugeuza tarumbeta.

Haya sasa sauti. Violini ipe ataki (jinsi sauti inavyoanza) ya polepole kidogo iingie kwa kuvimba, hapo hakuna atakayejua kama imechelewa. Tarumbeta kinyume chake, ataki fupi, rilizi (jinsi sauti inavyoisha) fupi, la sivyo ukikimbiza vidole noti zinapandana zinakuwa uji. Ikikuumiza masikio rudisha katofu ya filta, ile inayokata ukali wa sauti, chini kidogo kidogo, usikimbilie kupunguza volyumu. Piano washa kromatiki, sauti iruke noti kwa noti bila kuteleza, maana piano haivutwi uzi, ukivuta kidogo tu inateleza na kila mtu anajua ni ya uongo.

Zile sauti za kiwandani mi sizipendi kihivyo. Wamezijaza rivabu na dilei, ukiwa na hedifoni unajiona uko peponi, ukichomeka kanisani chini ya bati hakisikiki kitu, mwangwi juu ya mwangwi. Rivabu kata zaidi ya nusu, besi nayo punguza umwachie mpiga besi wako kazi yake. Afu ile swichi ya GK-3 iweke katikati, gitaa na sintesaiza zitoke pamoja, gitaa likiwa chini chini. Sisi wa huku tumekulia kwenye bendi za Tabora Jazz na Nyanyembe, magitaa yanajibizana, sasa uje unifichie gitaa lote nyuma ya violini? Hapana kwakweli.

Kingine, angalia autiputi selekti, pale unapoiambia mashine umeichomeka kwenye nini. Ukichomeka kwenye mixa ya kanisa weka laini, ukienda kwenye ampu chagua ampu. Hiyo peke yake inaweza kuwa ndo inakufanya usikike kama uko ndani ya pipa.

Na kila ukirekebisha bonyeza raiti, kile kitufe cha kusevu, kabla hujahama sauti, ukihama bila kusevu imeenda hiyo, umeme ukikatika ndo kabisa.

Jaribu afu unirekodie kipande unitumie Whatsapp, piga uzi mmoja mmoja kwanza bila kwaya, nitajua shida iko wapi. Na wale dagaa ulioniahidi kuna mtu anapanda treni wiki hii?

Wako,
kaka yako wa Isevya